Nane Nne, Tisa Nne

Mtandao haujafa, bibi, anasema Lutubija,
amechuchumaa mbele ya kisanduku chenye taa,
mgongo wake kwenye jiwe,
maana huku Bugarika jiwe lilikuwepo kwanza,
ukuta ndio uliofuata umbo lake.
Haujafa. Yule unayemuuliza njia ndiye mzito.

Namuuliza nani?

Anaeleza kwa mikono. Wewe unaandika jina,
mashine haijui majina, inajua namba tu.
Basi inakwenda kwanza kwa mtu,
inauliza: fulani anakaa wapi?
Mtu anataja namba. Ndipo mlango unafunguka.
Huyu tuliyepewa na kampuni anasinzia.
Wapo wengine, wa bure, wa watu wote.
Tuchague.

Nikacheka hadi nikaweka kikombe chini.
Mjukuu wangu, huyo mtu
nilikuwa mimi.

Miaka thelathini na mmoja, Posta,
nyuma ya ukuta wa masanduku ya chuma.
Barua zilikuja na majina matupu:
Kwa Mama Nyangeta muuza dagaa, Mwanza.
Kwa fundi Bwire, yule mwenye kigugumizi.
Nami, bila daftari: mia nane arobaini na mbili.
Bwire hana sanduku, hutumia la kanisa.
Nililipwa kwa kugonga mihuri.
Kujua kulikuwa bure.

Lutubija anasoma kwenye simu yake:
kuna nane nne.
Nanenane mbili kwa mwaka mmoja! nasema,
wakulima watakwenda maonesho hadi soli ziishe.
Kuna moja nne. Kuna tisa nne,
hiyo, wanasema, hukataa kukupeleka kwa matapeli.
Anazipima moja moja, milisekunde kwa milisekunde,
kama anayechagua sangara Mwaloni,
anabonyeza tumbo, anatazama jicho.
Hii ndiyo ya haraka, bibi.

Sijauliza ya haraka.
Nauliza ipi inanyamaza.

Kwa sababu anayekuonyesha njia
anajua unakokwenda.
Nilijua nani anaandikiwa na benki kila mwezi,
nani anaandikiwa kutoka gerezani,
bahasha za nani zinanukia marashi.
Nilizitia kwenye matundu yake, nikafunga mdomo.
Isipokuwa siku moja.
Masika, foleni fupi. Mwanamume mpole, kofia mkononi,
akauliza kama anayeuliza bei ya stempu:
mke wangu hupata barua za Bukoba?
Nami, kwa mazoea ya kujibu,
nikajibu.

Wiki iliyofuata ufunguo wa mia sita na tisa
ulirudishwa kaunta. Yule mama sikumwona tena.
Alikuwa na pengo hapa. Akicheka
alilifunika kwa bahasha.

Kijana kimya. Taa ya machungwa inapepesa.
Chini, ng'ambo ya mabati, feri ya Kamanga inapiga honi.
Sikumwambia kwamba juzi usiku, peke yangu,
niliandika humo jina la ugonjwa
ambalo daktari alilitaja haraka akitazama dirisha.
Nani alinitajia namba?
Ameliandika wapi?

Lutubija anasoma tena, taratibu sasa,
yale masharti ya herufi ndogo kama chawa.
Huyu anasema hufuta baada ya siku.
Huyu anasema haandiki kabisa.
Anasema, nasema.
Anasema, anakubali.
Cha bure hakina risiti, ukidhulumiwa utamdai nani?
Lakini na huyu wa kampuni tunamlipa,
na risiti yake haijawahi kutuambia
anapiga soga na nani.

Tukachagua. Akaingiza tarakimu,
akazima, akawasha, taa ikawa kijani.

Asubuhi akapita Mama Holo wa nyumba ya juu,
akaona picha zinafunguka bila kusitasita.
Eh! Mmeweka ipi?

Keti, nikamwambia.
Chai ipo.